Maksi 68 Zinasema Nini? Sapu, Udhuru na Kusaidiana Katika Kozi ya Usanifu wa Kompyuta

Maksi 68 katika kozi ya usanifu wa kompyuta ni nzuri au mbaya? Inategemea anayeuliza yuko wapi. Mzazi aliye Dar es Salaam atahesabu B+ na kushukuru. Aliye Nairobi atahesabu B. Aliyesoma Makerere ataona C+ na kuuliza kulikoni. Binamu aliye Marekani huenda akanyamaza kidogo, kwa kuwa huko maksi zilizo chini ya 70 mara nyingi ni D. Hapa Stratford, 68 ni daraja la pili la juu, maksi mbili tu chini ya daraja la kwanza, na mhadhiri aliyezitoa pengine aliandika pembeni kwamba kazi ni nzuri sana.

Makala haya yanahusu masharti yanayoizunguka namba hiyo. Nimechagua usanifu wa kompyuta kwa sababu mbili. Kwanza, ni kozi ambayo karibu kila anayesomea kompyuta huipitia, awe hapa mashariki mwa London, Mlimani au Nairobi. Pili, ni kozi inayopimwa kwa kila njia: ripoti za maabara, programu, majaribio mafupi na mtihani wa mwisho. Kwa hiyo karibu kila sharti la chuo hujitokeza humo. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili anaweza kupoteza maksi nyingi bila kukosea saketi hata moja, kwa sababu tu neno lake na neno la chuo hayakukutana. Hilo ni jambo la chama cha Kiswahili kama lilivyo la idara ya kompyuta.

Undugu wa 70 na 40

Si bahati kwamba Dar es Salaam, Nairobi na London zote huanzia alama ya juu kwenye 70 na kumfaulisha mtu kwenye 40. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake ya shahada kwa watu waliosoma kwingine. Taasisi ya ufundi ya West Ham, iliyofunguliwa Romford Road hapahapa Stratford mwaka 1898, ilikuja kuwaandaa wanafunzi wake kwa shahada za London. Taasisi hiyo ndiyo mzizi wa University of East London, iliyopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1992.

Njia hiyohiyo ilifika kwetu. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na London mwaka 1949. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kilikuwa chini ya London pia, na Royal College ya Nairobi vilevile. Mwaka 1963 vyuo hivyo vitatu vikaungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikashika njia yake. Ngazi za alama za Dar es Salaam na Nairobi bado zinafanana na za London. Makerere ilikwenda kwingine: huko A huanzia 80 na kufaulu huanzia 50.

Kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kuja Stratford hana haja ya kushtuka akiona 62. Namba hiyo anaijua. Lakini kuna tofauti moja ndani ya fani yenyewe. Katika insha ya fasihi, msahihishaji wa Kiingereza mara chache huvuka 80. Katika usanifu wa kompyuta kuna maswali yenye jibu moja. Ukiambiwa uandike hasi tano kwa biti nane, kwa njia ya kamilisho la mbili, jibu ni 11111011, na ukilipata unapata maksi zote. Ndiyo maana mwanafunzi wa kompyuta anaweza kupata 90 na rafiki yake wa isimu akapata 71, na wote wawili wakawa daraja la kwanza. Wasilinganishwe kama timu za mpira.

Kozi yenyewe na uzito wa sehemu zake

Kwa wanachama wasiosoma kompyuta, usanifu wa kompyuta (wengine tungesema wa tarakilishi) ni somo linaloeleza mashine inavyofanya kazi ndani: namba zinavyoandikwa kwa sifuri na moja, prosesa inavyosoma na kutekeleza maagizo, na kwa nini kumbukumbu imepangwa kwa tabaka.

Fikirieni watu watatu wanaopika chapati. Mmoja anakata madonge, wa pili anasukuma, wa tatu anachoma. Donge la kwanza likiwa kwenye kikaango, la pili linasukumwa na la tatu linakatwa. Hakuna chapati inayoiva haraka kuliko zamani, lakini kwa saa moja zinatoka nyingi zaidi. Prosesa za leo hufanya hivyo na maagizo. Chumvi iliyo kando ya jiko ni keshi, ambayo haina uhusiano na pesa taslimu. Kopo la chumvi kabatini ni kumbukumbu kuu, na duka la mtaani ni diski. Mpishi anayekimbilia dukani kwa kila chapati hatamaliza. Prosesa ya kwanza ya ARM, iliyobuniwa Cambridge na Sophie Wilson na Steve Furber na kuanza kufanya kazi mwaka 1985, ndiyo nyanya wa prosesa zilizomo katika simu nyingi tunazotumia kutuma pesa nyumbani.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kozi. Uingereza, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, na mwaka mzima una krediti 120. Tanzania inatumia kipimo hichohicho. Kozi ya krediti 20 basi ni saa 200. Mihadhara na maabara kwa kawaida havifiki hata nusu ya saa hizo. Nyingine zote ni za mwanafunzi mwenyewe, na hakuna mtu atakayepita chumbani kumhimiza.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimezoea kugawa maksi 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Vyuo vingi vya Kenya hugawa 30 kwa 70. Hapa London hakuna mazoea ya namna hiyo. Kozi moja ni nusu kwa nusu, nyingine haina mtihani kabisa, na mgawanyo umeandikwa katika mwongozo wa kozi. Asiyeusoma mwongozo anasoma gizani.

Kozi hii inafundisha kanuni inayosaidia hapo. Mwaka 1967 mhandisi Gene Amdahl alieleza hivi: kama sehemu moja ya programu inachukua asilimia 20 ya muda wote, hata ukiipa kasi isiyo na mwisho, programu nzima haitakwenda kwa kasi zaidi ya mara 1.25, kwa kuwa asilimia 80 iliyobaki iko palepale. Pima ratiba yako kwa kanuni hiyo. Ripoti ya maabara yenye uzito wa asilimia 10 haiwezi kukupa zaidi ya maksi 10, hata ukeshe nayo siku tatu. Kinyume chake, mwenye 32 kati ya 40 za muhula anahitaji 38 tu kati ya 60 za mtihani ili afike 70. Hiyo ni asilimia 63 hivi ya karatasi ya mtihani, na mtu akijua hivyo analala.

Kuna mtego mmoja. Baadhi ya kozi hudai mwanafunzi afaulu kila sehemu peke yake. Mwenye 32 kati ya 40 na 18 kati ya 60 ana jumla ya 50, na mahali pengine hiyo ingekuwa kufaulu bila maswali. Lakini 18 kati ya 60 ni asilimia 30. Sharti likisema kila sehemu ifike 40, huyu amefeli.

Udhuru na kujikaza

Neno udhuru tunalo katika Kiswahili siku zote, na ndipo tatizo linapoanzia. Kwetu udhuru hutolewa kwa mdomo. Unamwendea mwalimu, unamsalimu, unamwambia ulikuwa na msiba, naye anakupa pole. Kumdai mfiwa ushahidi ni karibu na tusi.

Katika chuo cha Uingereza udhuru ni fomu. Ina tarehe ya mwisho, ina mahali pa kuambatisha hati, na mara nyingi huamuliwa na ofisi au kamati ambayo mhadhiri wako hayumo. Mhadhiri anaweza kukusikiliza kwa huruma ya kweli, akakupa chai, na bado asiwe na uwezo wa kukuongezea hata saa moja. Mwanafunzi anatoka ofisini akiamini ameshaomba ruhusa, kumbe amezungumza tu.

Fomu huuliza pia uhusiano wako na marehemu. Hapa tafsiri inaweza kumgharimu mtu mwaka. Mama mkubwa aliyekulea tangu ukiwa na miaka minne, ukimwita kwa neno la Kiingereza la shangazi au khaloo yeyote, anageuka jamaa wa mbali. Baba mdogo aliyekulipia karo naye vilevile. Kwa hiyo usiishie kwenye neno moja. Andika sentensi nzima: huyu ni dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na kwa mila zetu ni mama. Kama cheti cha kifo kinachelewa, tuma kibali cha mazishi au barua ya serikali ya mtaa, uweke na tafsiri, na ueleze kwamba hati nyingine iko njiani. Tuma mapema, kabla ya kusafiri ikiwezekana.

Jambo la pili ni kujikaza. Tumelelewa kusifu anayejikaza. Mwenye malaria anaingia kwenye chumba cha mtihani akitetemeka, na nyumbani anahesabiwa shujaa. Vyuo vingi vya hapa vina sharti kwamba ukiingia kwenye mtihani umetangaza kuwa u mzima wa kuufanya. Ukitoka na 25, itakuwa vigumu mno kusikilizwa ukisema ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa asiyeingia, akaomba kwa wakati na ombi lake likakubaliwa, hufanya mtihani baadaye kana kwamba ni mara ya kwanza, na maksi zake zote zinahesabiwa. Hapa kujikaza kunaadhibiwa. Afadhali tuambiane hivyo kabla ya mwezi wa mitihani.

Kuchelewa bila udhuru kuna bei, na kila chuo kina bei yake. Kipo kinachokata maksi 5 kwa saa 24 za kwanza, kipo kinachokata 10 kwa kila siku, na kipo kinachotoa sifuri mara moja. Kazi ya 68 iliyochelewa siku mbili kwa kipimo cha 10 kila siku inaandikwa 48. Imeshuka madaraja mawili, na hakuna kosa lolote ndani yake.

Tena saa yenyewe ina kitendawili chake. Mwongozo ukisema kazi iwasilishwe 12:00 adhuhuri, sisi tunasema saa sita mchana. Mtu akiandika katika kundi la simu kwamba mwisho ni saa 12, mwenzake anasoma saa kumi na mbili jioni na kufika saa sita nzima baadaye. Aliyesafiri kwenda nyumbani naye akumbuke kwamba tofauti ya London na Afrika Mashariki ni saa mbili wakati wa kiangazi na saa tatu wakati wa baridi, na saa za Uingereza hubadilishwa mwishoni mwa Oktoba, katikati ya muhula. Kwenye kundi letu, tuandike saa kwa tarakimu za saa 24 na mji wake.

Sapu, keri na disko

Wanafunzi wa Tanzania wana msamiati wao wa mambo haya, nao ni msamiati mzuri. Sapu ni mtihani wa marudio. Kukeri ni kuibeba kozi uliyoifeli ukaenda nayo mwaka unaofuata. Kudisko ni kuondolewa masomoni, na aliyedisko hakucheza muziki wowote.

Maneno hayo yanakaribia kulingana na ya hapa, lakini hayalingani sawasawa. Dar es Salaam, anayefaulu sapu hapewi zaidi ya C. Hapa pia marudio huwekewa ukomo, na kwa kozi za shahada ya kwanza ukomo huo kwa kawaida ni 40. Ukipata 78 katika marudio, kitabuni unaandikiwa 40. Mwanafunzi anayefeli kwa makusudi ili ajipange upya, akidhani sapu itampa maksi kamili, anajidanganya. Anayestahili maksi kamili ni yule ambaye udhuru wake ulikubaliwa.

Inafaa pia kujua kozi inafundishwa mwaka gani. Katika vyuo vingi vya Uingereza maksi za mwaka wa kwanza hazihesabiwi katika daraja la shahada, ingawa lazima uzifaulu. Usanifu wa kompyuta hufundishwa mara nyingi mwaka wa kwanza au wa pili. Ukomo wa 40 katika mwaka wa kwanza ni aibu ndogo. Katika mwaka wa pili unaweza kuivuta shahada nzima chini. Kuna vyuo vinavyoweza kusamehe maksi 35 hadi 39 kama kozi nyingine zimekwenda vizuri, na kuna visivyosamehe.

Keri ya hapa ina uzito mwingine. Kurudia kozi huweza kuwa kulipa ada tena, na ada ya mwanafunzi wa kigeni ni nzito. Aliye na viza ya mwanafunzi anadhaminiwa na chuo, na chuo kina wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali kama mwanafunzi haonekani masomoni. Anayejificha chumbani kwa aibu ya kufeli anaongeza shida ya pili juu ya ya kwanza. Mwendee mshauri wa wanafunzi wa kigeni ungali na muda.

Kusaidiana

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hakufika chuo kikuu peke yake. Alifika kwa vikundi vya kusoma usiku, kwa madesa yaliyopita mikononi mwa watu kumi, na kwa kaka wa mwaka wa juu aliyemwelekeza bure. Asiyetoa alichonacho anaitwa mchoyo.

Wizi wa mtihani tunaujua na tuna majina yake. Wakenya huziita karatasi za kuingia nazo kwa siri mwakenya, neno lililotoka kwa vuguvugu la siri la kisiasa la miaka ya 1980. Watanzania husema kuibia na kuangalizia. Hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba hayo ni makosa. Shida iko kwenye kosa lisilo na jina kwetu: watu wawili kufanya pamoja kazi ambayo kila mmoja alitakiwa kuifanya peke yake. Ukilitafsiri kuwa kula njama, unaleta nia mbaya ambayo sharti halikuitaja. Ukilitafsiri kuwa kushirikiana, unalipamba. Napendekeza tuseme ushirikiano usioruhusiwa, kwa kuwa ndivyo ulivyo: kitendo chenyewe ni kizuri mahali pengine, ila hapa hakikuruhusiwa. Na aliyetoa faili huitwa mbele ya kamati sawa na aliyelipokea. Kwa mwenye malezi yetu, hilo ni gumu kumeza.

Usanifu wa kompyuta unalifanya jambo hili kuwa kali zaidi. Vyuo vingi hutumia programu za kulinganisha kazi. Mojawapo, Moss, iliundwa mwaka 1994 na Alex Aiken. Inasoma lugha za kawaida za programu na hata asembli za MIPS na 8086. Haiangalii majina uliyoyapa vigezo wala maelezo uliyoyaweka pembeni, inaangalia umbo la programu. Anayebadilisha majina tu na kuhamisha mistari miwili mitatu amepoteza muda wake.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Asembli ina maneno machache. Msingi wa RISC-V wa biti 32 una maagizo 40 tu. Wanafunzi wawili wakiandika programu fupi ya kujumlisha namba kumi, kila mmoja chumbani kwake, programu zao zinaweza kufanana sana bila mtu kumtazama mwenzake. Kufanana peke yake si ushahidi, na mhadhiri mzuri analijua hilo. Ndiyo maana wengi huwaita wanafunzi wajieleze kwa mdomo: kwa nini ulitumia rejista hii, nini kitatokea ukifuta mstari wa saba? Aliyeandika mwenyewe hujibu. Ukiweka rasimu zako zote na tarehe zake, umejijengea ushahidi kabla ya kuuhitaji.

Njia ya kusaidiana bila kuumizana ipo. Kaeni ubaoni, chora chapati zenu, elezaneni keshi inavyofanya kazi, bishaneni. Kisha futeni ubao, msipige picha, na kila mtu aende kuandika peke yake saa moja au mbili baadaye. Mazungumzo ni ya wote, faili ni la mtu mmoja. Rafiki akiomba faili usiku wa kuamkia siku ya mwisho, mpe saa moja ya maelezo badala ya faili.

Akili mnemba, au akili unde kama Wakenya wengi wasemavyo, inaingia hapohapo. Kuna kozi zinazoikataza kabisa, zinazoiruhusu kwa kueleza dhana tu, na zinazotaka utaje ulivyoitumia. Ruhusa ya kozi moja haihamii kwenye kozi ya jirani. Kuna jambo moja linalowahusu wanachama wetu hasa: mtu anayeandika ripoti yake kwa Kiswahili kisha akaipitisha kwenye mashine ili itoke Kiingereza, huenda amevunja sharti bila kujua, hata kama mawazo yote ni yake. Aulize kwanza, na aulize kwa maandishi.

Kulalamikia maksi

Kwetu mtu humwendea mwalimu na kumwomba amwonee huruma. Hapa mara nyingi kazi husahihishwa bila jina, sehemu yake husahihishwa tena au kuhakikiwa na mhadhiri wa pili, na mtahini kutoka chuo kingine hupitia sampuli. Maksi zikishafika kwenye bodi ya mitihani, mhadhiri hawezi kuziongeza kwa sababu ya kuombwa.

Unachoweza kulalamikia ni utaratibu: jumla ilikosewa, ukurasa haukusomwa, ushahidi wa udhuru uliotumwa kwa wakati haukuangaliwa. Kusema tu kwamba kazi yako ilistahili 75 badala ya 68 hakukubaliki, kwa kuwa hiyo ni hukumu ya kitaaluma. Ukimaliza ngazi zote za chuo na ukapewa barua ya kufunga shauri, England na Wales zina ofisi huru ya malalamiko ya wanafunzi, Office of the Independent Adjudicator. Huilipi chochote, na kwa kawaida una miezi 12 tangu tarehe ya barua hiyo.

Kazi yetu na ya wahadhiri

Kwa wahadhiri wanaosoma gazeti hili, ombi ni dogo. Mwongozo wa kozi ukisema kazi ni ya mtu binafsi, uongezeni mistari mitatu: msaada gani unaruhusiwa, msaada gani hauruhusiwi, na mfano mmoja wa kila upande. Na mwanafunzi akija kuwaeleza msiba, mwambieni palepale kwamba mazungumzo hayo si ombi, kisha mwonyesheni fomu ilipo. Dakika moja ya namna hiyo inaweza kumwokolea mtu ada ya kozi nzima.

Kwa chama, tunayo kazi ambayo hakuna idara nyingine itakayoifanya kwa niaba yetu. Tuandae ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye maneno haya na maana zake: udhuru rasmi, ukomo wa maksi, ushirikiano usioruhusiwa, mtahini wa nje, hukumu ya kitaaluma. Tuyajadili kama tunavyojadili istilahi nyingine, wa Mombasa na wa Mwanza wakubaliane, kisha tuwape wageni wa Septemba ukurasa huo siku ya kwanza wanapojiandikisha.

Wakati ukurasa huo haujawa tayari, anayeanza kozi ya usanifu wa kompyuta muhula ujao aandike majibu ya maswali haya ndani ya wiki ya kwanza. Kila kazi ina uzito wa asilimia ngapi? Ni lazima kufaulu kila sehemu? Kuchelewa siku moja kunakata maksi ngapi? Fomu ya udhuru iko wapi, na mwisho wake ni lini? Nani anaruhusiwa kuona programu yangu? Akili mnemba inaruhusiwa kwa lipi? Swali litakalokosa jibu katika mwongozo, alipeleke kwa mhadhiri kwa barua pepe, na jibu alihifadhi.